Taa Iliyopakwa Piko

Mwalimu Ansbert hakuwahi kuwashtukiza wanafunzi wake wa jioni. Gari lake lilikuwa likimtangulia kwa kelele. Angali huko darajani Mtoni, watu wazima waliobanana kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili walikuwa wameshamsikia, maana bomba la moshi lilikuwa limeoza na kutoboka, na kila alipokanyaga mafuta gari lilinguruma kama mashine ya kusaga.

"Haya, kunjeni umbea," Zubeda muuza chapati angesema. "Mwalimu kashafika darajani."

Wangecheka, wangefungua madaftari, na Tunu angeinuka kutoka dawati la mwisho kwenda kuandika tarehe ubaoni. Kazi ya kuandika tarehe ilikuwa yake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na si ajabu, kwani mkono ule ndio uliokuwa ukipamba mabibi harusi wa Tandika kwa hina na piko, ukichora maua na majani membamba kuanzia kwenye vifundo vya miguu hadi gotini. Vidole vyake viwili vya kulia havikuwahi kutakata. Vilikuwa na weusi wa piko wakati wote, kama vya mtu aliyebonyeza wino kutia sahihi akasahau kunawa.

Alikaa dawati la mwisho kwa sababu ya Mauwa, binti yake wa miezi minane, ili akilia atoke naye upesi. Mwalimu aliyekuwepo kabla alimwambia achague moja, mtoto au shule. Mwalimu Ansbert alipofika na kuelezwa habari hiyo alimtazama Mauwa, akasema, "Huyu hajui kusoma, hawezi kuibia majibu. Mwacheni." Tangu hapo, siku Mauwa alipochachamaa, Mwalimu alimpokea mwenyewe, akamweka begani, akaendelea kufundisha ngeli huku akimpigapiga mgongoni. Alikuwa Mngoni wa Peramiho, mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenye goti bovu la kulia na sauti ya taratibu. Tunu alikuwa amebakiza miezi mitano kufanya mtihani wa maarifa, ule wa kumruhusu afanye wa kidato cha nne, na kama angefaulu, alijua ni kwa sababu ya bega lile.

Kwa hiyo siku ambayo Mwalimu alilalamika kwamba polisi wa barabarani wamemsimamisha mara mbili kwa kelele, Tunu alisimama kwa fahari.

"Mwalimu, mume wangu ni fundi ekzosi. Lilete kwetu Tandika. Kazi yake mie naijua."

Zama zile za ruksa zilikuwa zimewaneemesha mafundi. Meli zilishusha magari yaliyotumika Japani, watu wa mishahara ya kawaida nao wakaanza kushika usukani, na mabomba yao yakaanza kuoza. Salumu, mume wa Tunu, alikuwa na banda la mabati kando ya barabara, mashine ya kuchomelea, na rundo la mabomba mapya aliyoyakunja mwenyewe. Mwalimu aliacha gari lake hapo asubuhi ya Jumamosi na kuahidi kulifuata baada ya swala ya alasiri.

Salumu akalala chini, akalikata bomba bovu lote. Katikati yake kulikuwa na lile tumbo ambalo ndani mna kitu chenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, ambalo mafundi huliita masega. Masega ya Mwalimu yalikuwa yameziba tii. Salumu aliyang'oa, akayatupa kwenye vyuma chakavu. Kutoka kwenye masega zilipanda nyaya mbili zilizoingia chini ya kiti cha abiria. Akazikata pia. Zilikuwa zinakwenda wapi hakujua, wala hakuna fundi wa barabara ile aliyejua. Wote walizikata.

Akafunga bomba jipya, akawasha. Gari likanong'ona. Salumu akatabasamu peke yake, kisha tabasamu likamkauka. Kwenye dashibodi, chini ya mshale wa mafuta, ilikuwa imewaka taa ya rangi ya chungwa, ndogo kama punje ya hindi, na ndani yake kulikuwa na herufi tatu za Kijapani.

Alizima, akawasha tena. Ikarudi.

"Mama Mauwa," aliita. "Hebu njoo. Wewe msomi, hapa pameandikwaje?"

Tunu alikuwa uani nyuma ya banda, anakoroga piko ya bibi harusi wa siku ile. Alikuja na kikombe mkononi, Mauwa mgongoni. Akainama dirishani. "Kijapani hicho, Baba Mauwa. Mie nasoma Kiingereza, tena nacho cha kuokoteza."

"Asubuhi haikuwepo." Salumu alijifuta jasho kwa kiwiko. "Mwalimu wako akiiona atasema nimemharibia gari. Atataka nimrudishie bomba lake la zamani, nami nimeshalikata vipande. Kuitoa globu, mpaka nifungue dashibodi nzima, na alasiri ndiyo hii inaadhiniwa."

Tunu akaiona aibu ikija. Akaiona vizuri, jinsi itakavyokuwa: Mwalimu kasimama hapa, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya darasa zima kumsifu mumewe. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Nikiipaka piko?"

Salumu alimgeukia polepole. Hakuwa amefikiri hivyo, na Tunu baadaye alipojitetea moyoni mwake hakupata lawama ya kumtupia. Wazo lilikuwa lake.

Aliingia akakaa kiti cha dereva, kiti ambacho hakuwahi kukikalia maishani mwake. Akachovya kijiti. Juu ya plastiki angavu iliyofunika mishale na namba, palepale taa ilipochungulia, akaweka doa moja dogo, akalinyoosha kingo, akasubiri likauke, akapaka tena. Dashibodi yenyewe ilikuwa nyeusi. Alipomaliza, hata yeye ilimbidi atafute pahala taa ilipokuwa.

"Wewe fundi kuliko mie," Salumu alisema akicheka kwa kupumua. Tunu naye alicheka. Hicho kicheko ndicho alichokuja kukijutia kuliko piko yenyewe.

Mwalimu alifika akichechemea na mwavuli wake. Tunu akamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikiwa, "Marahaba, binti yangu." Mwalimu akawasha gari, akategea sikio.

"Mbona halisemi?"

"Linasema, Mwalimu," Salumu alijibu, "ila sasa lina adabu."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akaushika mkono wa Salumu uliojaa grisi kwa mikono yake miwili, kisha akamwambia Tunu, "Umenifanyia jambo kubwa." Tunu aliangalia chini akasema asante. Watu waliokuwa wakipita walidhani ni haya za mke mwema.

Tangu siku hiyo darasa halikumsikia tena Mwalimu akija. Aliingia ghafla, na mara mbili alimkuta Zubeda katikati ya umbea, mikono hewani.

"Tunu, mumeo kaniharibia," Zubeda alinung'unika. "Siku hizi Mwalimu anaingia kama paka."

Na Mwalimu akawa hana mfano mwingine. Siku ya aina za maneno aliandika ubaoni, chini ya tarehe ya Tunu: *Salumu ni fundi mwaminifu.* Akagonga neno la mwisho kwa chaki. "Hili ni neno la aina gani?"

"Kivumishi!" darasa likaitikia.

Tunu aliinama kumnyonyesha Mauwa, ambaye hakuwa na njaa.

Kitu kilichomsumbua ni kwamba aliijua piko. Piko ni ya muda. Kwa bibi harusi hukaa siku kumi, kumi na mbili akiwa si mtu wa kufua, halafu huanza kuachia kingoni. Tunu alihesabu siku. Aliomba gari lisipate jua, aliomba Mwalimu asiwe mtu wa usafi. Kila jioni alipomwona usoni mwake hakuna kitu, alishusha pumzi, na pumzi hiyo yenyewe ilimtia aibu.

Siku ya kumi Mwalimu alichelewa. Alipoingia, suruali yake ilikuwa na vumbi hadi magotini, naye alishika kizingiti kwanza ndipo akavuka. Alikaa kwenye kiti, jambo ambalo hakuwa akilifanya kabla ya kufundisha.

"Mnisamehe," alisema. "Nimetembea kutoka Mbagala. Gari nimelifungia. Nimeliharibu mwenyewe."

"Jana nililifuta vumbi. Nikalowesha leso, nikafuta dashibodi. Leso ikatoka nyeusi, na palepale, chini ya mkono wangu, ikawaka taa. Nadhani nimeyeyusha kitu." Akaitoa leso mfukoni, akaiweka mezani kama ushahidi. Kisha akainuka, akachora ubaoni zile herufi tatu, mstari kwa mstari, polepole, kama mtoto anayenakili. "Yupo anayejua?"

"Mwalimu," Zubeda alisema kutoka dawati la mbele, "hapo pameandikwa: nani kakwambia uniguse?"

Watu walicheka. Mwalimu alijaribu kucheka nao. "Nimefundisha watu kusoma kwa miaka ishirini na minane," alisema, "na leo kitaa kidogo hivi kimenishinda kukisoma." Halafu akatazama nyuma ya darasa. "Tunu. Naona aibu kumwendea mumeo. Kazi yake ilikuwa safi, mimi ndiye niliyeichafua. Wewe unaonaje?"

Mlango ulikuwa wazi hapo. Hakuhitaji hata kuusukuma, ilikuwa kusema maneno manne tu: ile ni piko yangu. Tunu aliuficha mkono wake wa kulia ndani ya kanga.

"Nitamuuliza, Mwalimu," alisema.

Zubeda alikuwa ameichukua leso mezani ili amrudishie mwenyewe. Akaisogeza puani, kidogo tu, kama mtu anayenusa samaki sokoni. Piko ina harufu yake, na hakuna mwanamke wa Temeke asiyeijua. Hakugeuka. Lakini darasa lilipotoka, jua bado halijazama, alimngoja Tunu kwenye kona ya uzio.

"Shoga," alisema kwa sauti ya chini ambayo Tunu hakujua kama anayo. "Siku hizi unapamba na magari? Bwana harusi nani?"

"Mie sitasema. Mdomo wangu mkubwa, lakini hilo si la kwangu kulisema." Akamrekebishia Mauwa kofia. "Mzee wa watu anatembea na goti lile."

Nyumbani Salumu alisikiliza huku akimega ugali.

"Si kasema kaharibu mwenyewe?" alisema. "Mungu kakufungulia mlango, wewe unatafuta dirisha."

"Anatembea kwa miguu, Baba Mauwa. Kutoka Mbagala."

"Wangapi wanatembeaga?" Kisha akaliacha tonge. "Tukisema, kesho nani ataniletea gari? Watasema Salumu anapaka magari rangi ya maharusi. Watanicheka mpaka nihame."

Tunu aliona kwamba mumewe anaogopa kitu kile kile anachoogopa yeye. Haikumsaidia.

Asubuhi, Salumu akiwa ameshakwenda bandani, Tunu alikoroga piko kidogo kwenye kikombe, akamfunga Mauwa mgongoni, akashika njia ya Mbagala. Alikwenda kwa miguu makusudi. Njiani alipanga maneno yake kwa ufasaha, na nafsi na nyakati zikiwa mahali pake, yenye mwanzo, katikati na mwisho, kama insha. *Mwalimu, nimekuja kukiri.* Alipofika uani kwa Mwalimu na kuliona gari limefunikwa shuka kuukuu kama mgonjwa, insha yote ikamtoka.

Bi Eufrazia, mke wa Mwalimu, alikuwa kwenye kigoda anapukuchua mbaazi. Mwalimu alikuwa kibarazani, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya stuli, umefungwa kitambaa cha maji ya moto.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mumeo amesemaje?"

"Naomba ufunguo, Mwalimu."

Alimpa bila kuuliza. Huo ulikuwa udhaifu wake, au ubora wake. Tunu aliondoa shuka, akakaa kiti cha dereva kwa mara ya pili maishani, akazungusha ufunguo. Taa ikawaka. Mwalimu alikuja akichechemea, akainama mlangoni, mkewe nyuma yake na bakuli la mbaazi. Tunu akachovya kijiti. Doa likatoka baya, la mtu asiyejua kazi. Akalijaza. Akalipuliza. Taa ikapotea.

Alingoja wakaona. Kisha akalowesha pembe ya kanga yake kwa mate, akafuta. Taa ikarudi, ya rangi ya chungwa, na herufi zake tatu.

Mauwa alinyoosha mkono kumshika Mwalimu miwani. Mwalimu alikitazama kikombe, akavitazama vidole viwili vyeusi juu ya usukani wake.

"Kumbe sikuliharibu mimi," alisema taratibu, kama mtu anayetua gunia.

Hilo ndilo lililomchoma Tunu. Angetukanwa angejua pa kuliweka tusi. Lakini mzee alifurahi kwanza.

"Wewe mzee," Bi Eufrazia alisema, "tangu juzi chai huimalizi, kwa sababu ya piko?" Akaanza kucheka, akamwona Tunu uso wake, akakiacha kicheko njiani.

"Jana nilikuuliza," Mwalimu alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Na kupaka ni wazo langu, si la Baba Mauwa."

Mwalimu alitikisa kichwa mara mbili tatu, kama anayesahihisha daftari na kukuta kosa lile lile alilolifundisha juma zima. "Basi taa si kitu," alisema. "La jana ndilo limeniingia." Akageuka, akapanda kibarazani, akaingia ndani.

Tunu alibaki amesimama. Bi Eufrazia alimsogezea kigoda cha pili na konzi ya mbaazi. "Pukuchua," alisema. "Ukisimama hivyo utaanguka na mtoto."

Walikuwa hawajafika nusu ya bakuli pale Salumu alipotokea na baiskeli, sanduku la vifaa limefungwa nyuma, shati limemlowa. Hakumwuliza mkewe kitu. "Nilirudi nyumbani nikakuta kikombe hakipo," alisema tu, "nikajua." Akabisha hodi kwa Mwalimu, akaamkia, na kabla hajaulizwa akajirusha chini ya gari kama mtu anayekimbia mvua.

Haikuchukua muda. Zile nyaya mbili alizozikata, ncha zake zilikuwa zimekunjamana zikaegemea chuma cha gari, na ndizo zilizokuwa zikiiwasha taa. Akazitenganisha, akazifunga kila mmoja kwa utepe mweusi wa umeme, akazibana juu.

"Washa," alisema kutoka chini.

Mwalimu akawasha mwenyewe. Taa ilimulika kidogo, ikazima. Ilizima moja kwa moja.

Konzi ya mbaazi ya Tunu ilikuwa haijaisha. Jambo la siku kumi na moja, la kilomita za goti bovu, la kuinamia mtoto asiye na njaa, lilikuwa na ukubwa wa vipande viwili vya utepe. Kama wangemwambia Jumamosi ile, wangemaliza kabla swala haijakwisha.

Salumu hakutoka. Alikaa chini ya gari muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, ikionekana miguu yake tu. Halafu sauti yake ikasikika, akizungumza na viatu vya Mwalimu.

"Mwalimu, kuna jingine. Masega niliyatoa."

"Masega ni nini?"

Akamweleza, yalivyokuwa, yalivyoziba, kwamba bila kuyatoa gari lingekosa pumzi, na kwamba pamoja na hayo ilimpasa kuuliza kwanza, kwa kuwa gari si lake. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Sasa toka huko," alisema. "Mama amepika uji."

Walikunywa uji. Watu wanne hawakuwa na mengi ya kusema, na Mauwa aliyemwaga bakuli la mbaazi aliwasaidia sana.

Alhamisi jioni Tunu alikaribia kutokwenda shule. Alikwenda. Alikaa dawati lake la mwisho, mkono ndani ya kanga. Mwalimu aliingia kama paka, akamkamata Zubeda akiigiza muuza samaki, akaweka vitabu mezani. Ubaoni ilikuwepo bado tarehe ya kipindi kilichopita, na kando yake zile herufi tatu ambazo hakuna aliyethubutu kuzifuta.

Mwalimu akachukua dasta, akazifuta herufi. Tarehe akaiacha. Akanyoosha mkono wenye chaki kuelekea nyuma ya darasa, akangoja. Watu wakageuka. Tunu hakuinuka.

"Ubao unasema bado ni Jumanne," Mwalimu alisema. "Sisi wengine tumeshaivuka. Nani atatusogeza?"

Zubeda akakohoa. Tunu akasimama, akapita katikati ya madawati na Mauwa kiunoni, akautoa mkono wa kulia ndani ya kanga, akaipokea chaki. Vidole viwili vyeusi vilionekana na darasa zima kwenye ule weupe. Aliandika: *Alhamisi*. Akaandika tarehe, mwezi, mwaka, kwa mwandiko ule ule.

Mauwa alimwona Mwalimu karibu, akanyoosha mikono yote miwili kama alivyozoea. Mwalimu alimtazama. Alimgusa shavu kwa kidole, akageukia ubao, akaanza kufundisha. Tunu alirudi nyuma na mtoto wake.

Siku hiyo hakumpokea. Alimpokea Jumanne iliyofuata, katikati ya ngeli ya *ki-vi*, bila kukatiza sentensi.